Mashine zilizoandika hati za Tanga sasa zapimwa kwa kilo

MAKALA MAALUMU
Na Mwandishi Wetu, Tanga

*Taipureta zinaondoka maofisini na majumbani katika pwani ya kaskazini pasipo mtu kuziorodhesha. Wako waonao kuwa wakati wake umekwisha, na wako waonao kuwa ushahidi wake haujamalizika kutolewa.*

Katika ua wa mnunuzi mmoja wa chuma chakavu huko Ngamiani, baina ya rimu za magari na fremu za baiskeli zilizopinda, ilikuwako juma hili taipureta moja ya Olympia, kongwe lakini kamili, imewekwa juu ya mizani pamoja na rejeta ya lori, ikingoja ujulikane uzito wake ili ipate kujulikana bei yake.

Niliinama kuitazama. Kitufe cha herufi a kilikuwa kimelika katikati hata kikafanya kishimo cha ncha ya kidole, ilhali vitufe vya q na x vilikuwa vipya kabisa, havina hata mkwaruzo. Na hiyo ilikuwa dalili ya kutosha kwamba mashine ile ilikuwa imeutumia umri wake kuandika Kiswahili, lugha isiyo na haja na herufi hizo mbili, na ambayo haiwezi kumaliza neno ila kwa nadra pasipo kuipitia a.

Mnunuzi hakujua imetoka ofisi gani, wala hakuwa na sababu ya kuuliza, kwa kuwa kazi yake ni kupima na kulipa. Kesho yake ingepakiwa pamoja na vyuma vingine kwenda kuyeyushwa.

Kadhia niliyotumwa na mhariri wangu kuichunguza ni hiyo. Katika mji wa Tanga na wilaya jirani za Pangani, Muheza na Mkinga, mashine zilizoandika hati za ardhi, hukumu za mahakama, mikataba ya kazi, wasia na arzihali kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita zinatoweka moja baada ya moja, na pamoja nazo yanatoweka maarifa ya kuzitengeneza na ya kuyatambua maandishi yake. Je, hayo ni maendeleo yanayostahili kuachwa yapite, au ni hasara tutakayoijua siku ile mahakama itakapotutaka tuthibitishe kuwa karatasi ya babu zetu ni halali?

Nguvu iliyo vidoleni

Kwa vijana waliozaliwa simu za mkononi zikiwa zimekwisha kuenea, ambao huenda hawajapata kuisikia mashine hii ikilia, yafaa ielezwe inavyofanya kazi, kwa maana hoja zote zitakazofuata zimesimama juu ya umbile lake.

Kila kitufe kimeungwa kwa wenzo na mkono mwembamba wa chuma, na mikono hiyo imepangwa kwa umbo la nusu duara tumboni mwa mashine. Ncha ya kila mkono imebeba kipande cha chuma chenye herufi mbili zilizochongwa kinyume, ndogo na kubwa. Kidole kinapobonyeza kitufe, mkono huruka. Utepe wenye wino huinuka papo hapo ukakaa mbele ya karatasi. Herufi huupiga utepe, wino hubaki juu ya karatasi, na mkono hurudi mahali pake kabla jicho halijaufuata.

Karatasi yenyewe imezungushwa juu ya mche wa mpira mgumu, na mche huo umo ndani ya kibebeo kinachovutwa daima kuelekea kushoto na kamani iliyojikunja ndani ya kikombe chake. Kibebeo hakikimbii, kwa kuwa kimezuiwa na gurudumu lenye meno. Kitufe kinapobonyezwa, jino moja huachiliwa, na karatasi husogea nafasi ya herufi moja, isizidi wala isipungue. Ndiyo sababu i iliyo nyembamba na m iliyo pana hupewa nafasi sawa katika mashine nyingi za namna hii, na maandishi yake husimama katika safu zilizonyooka toka juu hadi chini.

Zikisalia herufi chache mstari ufike ukingoni, kengele hulia. Hapo mwandishi huusukuma wenzo wa kushoto kuelekea kulia, mche ukazunguka kiasi cha mstari mmoja, kibebeo kikarudi mwanzo, na kwa harakati hiyo hiyo kamani ikajazwa tena.

> Nguvu yote ya mashine hii hutoka katika vidole na mkono wa mwandishi. Umeme ukikatika, kazi yake haisimami.

Walioizoea wanazijua pia hila zake. Mashine nyingi za zamani hazikuwekewa tarakimu ya 1, basi mwandishi alitumia l ndogo badala yake, na alama ya mshangao aliiunda kwa kupiga ritifaa, kurudi nyuma nafasi moja, kisha kupiga nukta chini yake. Tumbo la herufi a, kwa kupigwa mara nyingi kuliko herufi nyingine zote za Kiswahili, hujaa wino na nyuzi za utepe hata ikachapika kama doa jeusi, na mpiga chapa mwenye kuipenda kazi yake hakukosa pini ya kuichokoa kila asubuhi. Tena mpangilio wa vitufe, uliobuniwa kwa ajili ya Kiingereza, uliitia herufi hiyo hiyo chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu, ambacho kwa makarani wetu kilibeba mzigo mkubwa kuliko wenzake wote.

Kutoka kwa wahunzi wa bunduki

Wazo la mashine ya kuandika ni la kale kuliko mashine yenyewe. Mwaka 1714 Mwingereza Henry Mill alipewa hataza na Malkia Anne kwa chombo cha kupiga herufi moja moja juu ya karatasi, ila hapana chombo chake kilichobaki. Karibu miaka 100 baadaye, huko Italia, Pellegrino Turri alimtengenezea rafiki yake, bibi mmoja wa ukoo wa kifahari aliyekuwa kipofu, mashine ya kumwezesha kuandika barua kwa mikono yake mwenyewe, na baadhi ya barua za bibi huyo zingali zimehifadhiwa.

Mashine iliyoenea duniani asili yake ni mji wa Milwaukee, Marekani, ambako Christopher Latham Sholes, mtu wa magazeti na uchapaji, pamoja na wenziwe Carlos Glidden na Samuel Soule, walipata hataza mwezi Juni 1868. Mwaka 1873 kazi yao ilichukuliwa na kampuni ya E. Remington and Sons ya Ilion, jimbo la New York, watengenezaji wa bunduki na cherehani, na mwaka uliofuata ikatolewa sokoni kwa bei ya dola 125.

Mkono wa mafundi wa cherehani ulionekana dhahiri katika umbo lake: ilikaa juu ya meza ya cherehani, ikapambwa maua, na kibebeo chake kilirudishwa kwa kukanyaga pedali. Iliandika herufi kubwa tupu, tena ikizipiga kutoka chini, hata mwandishi asiweze kuyaona aliyoyaandika mpaka mistari kadhaa ipite. Herufi ndogo zilikuja na Remington ya pili mwaka 1878, na mwishoni mwa karne ile zikaja mashine za Underwood ambazo maandishi yake yalionekana papo hapo, nazo ndizo zilizoweka umbo lililofuatwa na viwanda vya Marekani na Ulaya kwa miaka mingi baadaye.

Mwaka 1888, katika shindano lililofanyika Cincinnati, Frank McGurrin alimshinda mpinzani wake kwa kupiga chapa kwa vidole vyote pasipo kuvitazama vitufe. Tangu hapo kuandika kwa mashine kukawa amali yenye mafunzo, vyeti na daraja za mishahara.

Mji wa makarani

Tanga ilikuwa tayari kwa kazi ya karatasi kabla mashine hiyo haijaenea. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Wadachi walifungua mjini humu skuli ya serikali isiyofundisha dini, kusudi wenyeji Waislamu wasichelee kuwapeleka watoto wao, na wahitimu wake wakatumwa hadi ndani kabisa ya bara kuwa makarani, wakalimani na maakida. Skulini humo ndimo lilimotoka gazeti la *Kiongozi*, lililosomwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi zama za Vita Kuu ya Kwanza.

Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, walikuta watu wanaojua kusoma, kuandika na kuweka majalada. Katika kundi hilo aling'ara Martin Kayamba, aliyezaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, kwa wazazi wenye asili ya Bonde, akasomeshwa na misheni ya UMCA, kisha akapanda ngazi hata akawa karani mkuu katika ofisi ya wilaya ya Tanga.

Mwaka 1922, hapa Tanga, Kayamba na wenzake walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika, kilichowaunganisha makarani na walimu, Wakristo na Waislamu, watu wa makabila mbalimbali ambao jambo lililowakutanisha lilikuwa kazi ya kalamu. Wanahistoria wanakihesabu chama hicho miongoni mwa watangulizi wa African Association ya mwaka 1929, ambayo baadaye iligeuka kuwa TAA na hatimaye TANU mwaka 1954. Mwaka 1931 Kayamba alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki, na safari hiyo akaisimulia kwa Kiswahili katika kitabu chake *Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza*.

Shaaban Robert, mzaliwa wa Machui jirani na Tanga, naye alikula mshahara wa ofisi: aliingia Idara ya Forodha huko Pangani mwaka 1926, na baada ya utumishi wa miaka mingi huko na kwingineko akarudi Tanga kufanya kazi katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya na kisha Idara ya Upimaji. Mshairi huyo, ambaye *Kusadikika* yake ya mwaka 1951 inahusu mashtaka, utetezi na haki ya kusikilizwa, aliishi mchana wake wote katikati ya majalada.

Yafaa tufikiri ni kitu gani taipureta ilichowapa watu wa namna hiyo. Arzihali iliyoandikwa kwa mkono ilifika mezani pa mkubwa ikiwa na alama za udhaifu wa mwenyewe: mwandiko uliotetemeka, karatasi ya daftari, wino uliochujuka. Iliyopigwa chapa ilifika katika umbo lile lile la waraka wa serikali, ina tarehe, anwani, na aya zilizotiwa nambari.

Tena, kwa msaada wa karatasi ya kaboni iliyolazwa baina ya kurasa mbili, mlalamikaji alibaki na nakala mkononi, yenye maneno yale yale na kwa pigo lile lile la herufi, hata mtu asiweze kumwambia baadaye kwamba hakuandika. Hakika ile nakala nyembamba ndiyo silaha ya kwanza ya raia mbele ya ofisi, na katika masanduku ya familia nyingi za pwani hii ingali imo mpaka leo.

> Aliyepeleka arzihali iliyopigwa chapa alibaki na nakala yake, na ofisi haikuweza tena kumkana.

Waliobaki nje ya mashine

Lakini fadhila hiyo haikuwafikia wote, na haki yataka lisemwe hilo pia. Watu wa pwani walikuwa wakiandikiana Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa muda wa karne kadhaa kabla ya Mdachi na Mwingereza kufika. Hati za mauzo ya minazi, mirathi, wakfu, barua za maliwali na majumbe, na tenzi nyingi ziliandikwa kwa hati hiyo, na serikali ya Kidachi yenyewe katika miaka yake ya mwanzo ilipokea barua za namna hiyo kabla haijaamua kufuata herufi za Kilatini.

Mashine iliyoundwa Ilion haikuweza kuandika hati hiyo. Herufi ya Kiarabu hubadili umbo kwa kadiri ya mahali ilipo katika neno, huungana na jirani yake, na mstari huenda kutoka kulia. Basi mashine yake hutaka kibebeo kiendacho upande wa pili na vitufe vilivyopangwa kwa hesabu nyingine kabisa. Taipureta za Kiarabu zilibuniwa, naam, lakini kazi ya ofisi za Tanganyika ilipangwa juu ya mashine za Kilatini.

Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, tahajia iliyosanifiwa ilikuwa ya herufi za Kilatini, tena zisizo na alama juu wala chini, isipokuwa ritifaa ya *ng'*. Tahajia hiyo iliingia katika taipureta ya Kiingereza pasipo kuongezewa hata kitufe kimoja, na wepesi huo ulisaidia sana Kiswahili kuwa lugha ya maofisi.

Walakini mwalimu wa chuo, kadhi na mzee wa mtaa, waliokuwa wasomi kwa kipimo cha mababu zao, walijikuta wakihitaji kijana wa kuwaandikia. Elimu yao haikupungua hata chembe. Kilichopungua ni nafasi yake mbele ya serikali, na athari za jambo hilo bado zaonekana kila familia inapotoa hati ya zamani iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu na kuambiwa itafute wa kuisoma.

Mkonge na karatasi

Baada ya serikali, mwandikishaji mkubwa wa karatasi katika mkoa huu alikuwa mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika 62 tu iliyo hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Na kutokana na miche hiyo yakatoka mashamba yaliyoifanya Tanganyika, kufikia mwaka 1964, izalishe zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka na kuongoza duniani.

Kila shamba lilikuwa na ofisi, na kila ofisi ilikuwa na orodha za wafanyakazi, hesabu za vipande, barua za reli na za bandari. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha SILABU, ofisi ya kuwatafuta manamba katika majimbo ya mbali na nje ya mipaka, na safari ya kila mtu kutoka kwao hadi shambani ilikuwa na mkataba wake.

Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967, bei ya mkonge ikaanguka, ofisi nyingi zikafungwa. Wako wajukuu wa manamba, katika vitongoji vya Muheza, Korogwe na Pangani, ambao hawana uthibitisho mwingine wa babu yao alitoka wapi na alifika lini ila karatasi hizo, zikiwa zimesalimika na mchwa na unyevu.

Hoja za wanaotaka zitoke

Wanaotaka mashine hizi ziondolewe wana hoja nzito, na sina budi kuzieleza kwa uaminifu.

Kosa moja katika mstari wa mwisho liliweza kumlazimu mpiga chapa kuanza upya ukurasa mzima, na nakala zake zote za kaboni. Kazi ile ilichosha viungo na kuumiza masikio. Tepe zimekuwa adimu, na kiwanda cha Godrej cha Mumbai, kilichotoa taipureta yake ya kwanza mwaka 1955 na kudumu katika kazi hiyo kuliko wengi, nacho kimeacha kuziunda. Mche wa mpira, kwa joto na hewa ya chumvi ya pwani, hukauka ukawa mgumu na kuzikata karatasi, wala wa badala haupatikani kwa wepesi.

Zaidi ya hayo, kazi yenyewe imehama. Uhazili siku hizi hufundishwa kwa kompyuta. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imezipa kumbukumbu za kielektroniki nguvu ya kisheria. Na Mahakama ya Tanzania hupokea mashauri kwa njia ya mtandao. Mwananchi mwenye hati ya kiapo huenda dukani kwa mwenye kompyuta, akaandikiwa na kurekebishiwa mara moja.

Ofisi ya umma, wasema, haina haki ya kutumia chumba na fedha za wananchi kutunza vyombo visivyofanya kazi. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa: hapana sababu ya kumrudisha mhazili wa leo katika mashaka ya jana.

Hoja za wanaotaka zibaki

Upande wa pili wako kwanza wapenda historia. Tanga ina bahati ya kuwa na makumbusho ya Urithi katika Boma la Kidachi, yanayotunza kumbukumbu za mji huu, na kwao taipureta ina haki ya kuwekwa pamoja na picha na samani za zama zake.

Wako pia mafundi. Maarifa ya kulegeza mkono uliopinda kwa nusu milimita, ya kupima ukali wa kamani, ya kujua ni matone mangapi ya mafuta ya cherehani yatoshayo na ni mahali gani mafuta hayapaswi kufika, hayakuandikwa na wengi wao. Yamo mikononi mwa wazee wachache, na kila mwaka upitao hupunguza idadi yao.

Lakini hoja iliyonishinda mimi ni ya tatu, nayo ni ya sheria na haki.

Ushahidi ulio nyuma ya karatasi

Chukua hati iliyopigwa chapa, igeuze, kisha upitishe kidole mgongoni mwake. Utahisi vinundu vidogo, kwa maana herufi ya chuma iliingia katika karatasi kwa pigo, na nukta mara nyingine hutoboa kabisa. Kompyuta yaweza kuigiza umbo la herufi na safu zake zilizonyooka, ila printa za kawaida za leo hulaza wino juu ya karatasi pasipo kuipiga, na mgongo wa hati yake hubaki laini.

Aidha, kila mashine ina kasoro zake: r iliyokatika mguu, t inayokaa juu kidogo ya mstari, e iliyojaa wino, S kubwa inayoinama kushoto. Kasoro hizo huzidi kadiri mashine inavyotumika, na mtaalamu akizilinganisha aweza kusema barua mbili zimetoka katika mashine moja, na pengine ipi ilitangulia.

Na kila mashine ina nambari yake ya kiwandani, ambayo kwa aina nyingi hudhihirisha mwaka iliyoundwa. Basi hati inayodai kuandikwa mwaka 1955 kwa mashine iliyotoka kiwandani mwaka 1962 imejihukumu yenyewe.

> Mashine iliyoundwa mwaka 1962 haiwezi kuandika hati ya mwaka 1955.

Dunia ilijifunza nguvu ya ushahidi huo zamani. Mwaka 1924 huko Chicago, vijana wawili, Leopold na Loeb, walimuua mtoto na kuipelekea familia yake barua ya kudai fidia iliyopigwa kwa mashine ndogo ya Underwood, kisha wakaitupa mashine ile majini. Kabla hata ya mashine kuopolewa, mambo yalikuwa yamekwisha kuwaelemea, kwa kuwa Leopold na wanafunzi wenziwe walikuwa wameandikia masomo yao kwa mashine hiyo hiyo, na karatasi zile zilipowekwa kando ya barua, herufi zilifanana kasoro kwa kasoro.

Sasa ifikirie Tanga, mji ambao ardhi yake imepanda thamani, ambako viwanja na mashamba ya minazi yanadaiwa kwa hati za miaka ya 1950 na 1960, na ambako mjane au yatima huweza kukutana mahakamani na mtu mwenye karatasi iliyopigwa chapa jana na kuchakazwa kwa chai. Hakimu atauliza ofisi ile ilitumia mashine gani wakati ule, na kielelezo cha maandishi yake kiko wapi. Na jibu, kama mambo yataendelea hivi, litakuwa limekwisha kuyeyushwa.

Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inazilinda karatasi za umma zisiharibiwe ovyo. Mashine iliyoziandika huhesabiwa kuwa kifaa cha ofisi, sawa na meza, na meza ikichakaa hufutwa katika daftari na kuuzwa.

Yanayowezekana

Baada ya kuzisikiliza pande zote, naona kwamba kila upande una sehemu ya haki, na kwamba zinaweza kupatanishwa kwa gharama ndogo.

Mashine nyingi ziende zake. Chache zilizo nzima, tuseme moja kwa kila aina iliyotumika sana mkoani, zitunzwe Urithi au mahali penye hadhi kama hiyo, zikiwa hai: zenye utepe, zilizotiwa mafuta, zenye fundi anayezijua na kijana anayefunzwa naye. Vyuo vifundishavyo uhazili na utunzaji wa kumbukumbu vitenge masomo machache ya kuitambua hati iliyopigwa kwa mashine, kwa maana wahitimu wao ndio watakaofungua majalada hayo kwa miaka mingi ijayo.

Na kabla mashine yoyote haijafutwa katika daftari la ofisi, la shamba, la msikiti, la kanisa au la wakili, ipigwe ukurasa mmoja wa kielelezo. Uandikwe juu yake jina la kiwanda na nambari ya mashine, ofisi iliyoimiliki na miaka iliyotumika. Kisha herufi zote ndogo, herufi zote kubwa, tarakimu na alama, kila moja mara tano. Kisha aya moja ya Kiswahili cha kawaida. Utiwe sahihi na tarehe, nakala moja ibaki katika jalada la ofisi na nyingine ipelekwe kwa watunza nyaraka.

Kesi ya Chicago yatufunza kwamba hata mashine ikipotea, karatasi zake zilizo mahali pajulikanapo zaweza kuisemea. Utepe uliokauka hurudishiwa wino, na kama umeshindikana kabisa, karatasi ya kaboni iliyolazwa juu ya nyeupe yatosha kwa ukurasa mmoja. Kazi hiyo haihitaji umeme, haihitaji bajeti wala kibali cha Dodoma. Yaweza kufanywa na mkuu wa ofisi yoyote ya mkoa huu siku ya Jumatatu asubuhi, na kadhalika na kila familia yenye taipureta ya marehemu chini ya kitanda, ambayo yafaa iuweke ukurasa huo ndani ya bahasha moja na hati ya nyumba.